Jino la Pembe

Alikuja Februari, theluji ikifika magotini,
karakanani kwangu, nyuma ya duka la mikate, Levoča.
Vavrinec Hudák, mwigizaji, mrefu, kofia mkononi.
Nataka meno mawili, akasema. Yasitishe.
Yawe meno yaliyofanya kazi miaka mia tatu.

Kaa, nikamwambia. Achama.
Nikamjaza kinywa ule ujiuji wa waridi,
naye akanikodolea macho, hapepesi, hadi ukaganda,
kama ng'ombe anavyomwangalia daktari:
hofu ipo, ila imekwisha kubali.
Nikajua huyu ataiweza kazi.

Miaka thelathini na mmoja nawachongea wazee meno.
Jino haliliki nchani, kama watoto wanavyodhani.
Hulika ubavuni,
upande ule mtu anaotafunia asichotaka kukisema.
Nikayasugua huko. Nikayalaza ndani ya chai ya rangi siku mbili.
Nikatia ufa, wembamba wa unywele;
mwongozaji hakuuona. Vavrinec akaugusa kwa ulimi
akacheka peke yake.

Jana usiku wameionyesha, ukumbi wa wazima moto,
kipasha joto kimekufa, kila mtu na koti lake.
Usitafute kasri. Hamna. Popo hamna, jeneza hamna.
Kuna sanatoria iliyofungwa huko milimani Tatra,
lifti inayonuka klorini,
na mnyonya damu wa ghorofa ya saba
anayepiga hodi kwa ukucha, si kwa ngumi.
Haingii asipokaribishwa. Mila hiyo anaiheshimu.

Na Otília Brezňanská, muuguzi wa zamu ya usiku:
nilikaa nikingoja ukelele wake,
maana sinema za namna hii humlipa mwanamke kwa ukelele.
Hakupiga.
Alikuwa kapiga magoti, anatafuta kiatu uvunguni,
akasema "Karibu" bila kugeuka,
kwa sauti ya kumwambia mume chakula kipo mezani.
Baridi iliniingilia hapo. Kipasha joto nakisingizia tu.

Naye Vavrinec, kabla ya kuuma,
akatoa leso, akampangusa shingo,
taratibu, kama muuguzi kabla ya sindano.
Nani kamfundisha nani?

Kisha kioo.
Wamemfuta mwili mzima kwa kompyuta,
suti, nywele, hata ukungu wa pumzi,
meno yakabaki.
Mawili, yananing'inia ndani ya kioo,
yakipanda, yakishuka, yakisema maneno ya mapenzi.
Kosa la mitambo au shauri la mwongozaji, sijui.
Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Kornel akamwaga bia.
Mimi nilikaza mikono mfukoni.
Kioo kimesema kweli: hayo hayakuwa yake.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na pengo lile, la mtu asiyejiona hata akijitazama,
sikulichonga mimi. Alikuja nalo Februari
chini ya kofia.

Apolónia angeuliza: wamelitaja jina lako mwishoni?
Wamelitaja, mke wangu. Limekosewa herufi moja.
Meno yake bado yamo ndani ya bilauri, kabatini.
Nabadilisha maji kila Jumapili.
Usiniulize.

Leo asubuhi mlango umegongwa, kwa ukucha.
Karibu, nikasema, bila kugeuka;
nilikuwa chini ya meza natafuta tupa iliyoanguka.
Moyo ukasimama kidogo, kisha ukakumbuka umri wake.
Alikuwa Bi Terézia, seti yake ndani ya leso.
Yananiuma, fundi.
Wapi?
Akaweka kidole ubavuni.